Sura ya 6: Anakula Nini, Anaogopa Nini

Jioni moja ya Desemba, msimu ambao Wachagga wa mijini hurudi nyumbani na barabara ya kupanda Kibosho hujaa magari kutoka Dar es Salaam, mpwa wangu wa miaka 11 alikuwa kwenye kochi na simu ya mama yake. Ghafla akaifunika simu kifudifudi mapajani.

"Bibi, usimwangalie! Ukimtazama machoni anakukimbiza!"

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni yake, akimenya ndizi za mtori. "Nani huyo asiyetaka kutazamwa?"

"Endaman, bibi."

"Anakula nini?"

Kijana akafikiri. "Hali kitu. Anaokota tu udongo, anatembea nao."

"Na anaogopa nini?"

"Maji."

Mama akaitikia kwa kichwa, akachukua ndizi nyingine. Kwake habari ilikuwa imekamilika.

Nimesoma maelezo mengi kuhusu viumbe wa Minecraft, gemu aliyokuwa akicheza mpwa wangu, na karibu yote huanza na sura ya kiumbe: ana rangi gani, ana urefu gani, ana macho mangapi. Mama yangu hakuuliza hata moja kati ya hayo. Aliuliza vile anavyouliza mtu aliyekulia chini ya msitu wa Kilimanjaro, ambaye tangu utotoni alijua kwamba nyati na ng'ombe wanaweza kufanana kwa mbali, lakini mmoja unamfuata na mwingine unamkimbia. Bila kujua, aliuliza swali lilelile ambalo watengenezaji wa gemu walilitumia kuwagawa viumbe wao. Sura hii inahusu mgawanyo huo, na kwa nini mtoto wa Moshi anauelewa upesi kuliko anavyodhani.

Kwanza nieleze gemu yenyewe kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika. Minecraft ilianzishwa mwaka 2009 na Msweden Markus Persson, ikatoka rasmi tarehe 18 Novemba 2011, na mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ikainunua studio yake, Mojang, kwa dola bilioni 2.5 za Marekani. Kufikia 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Ni gemu ya aina ambayo Waingereza wameipa jina la shimo la mchanga la kuchezea watoto, yaani hakuna anayekuambia ujenge nini. Unawekwa katikati ya ardhi iliyoumbwa kwa vipande vya mraba, mikono mitupu, jua linakwenda, na usiku unakuja. Siku nzima ya huko ni dakika 20 za kwetu. Unakata mti, unachimba jiwe, unajenga kibanda, unatafuta chakula. Na hauko peke yako.

Viumbe wote wanaotembea humo vijana huwaita mobu. Wamegawanywa mafungu matatu makubwa. Kuna wapole, ambao hata ukiwapiga hukimbia tu: ng'ombe, kondoo, kuku, sungura. Kuna wakali, ambao wakikuona tu wanakuja: zombi, mifupa yenye upinde, kripa. Katikati wapo wale ninaowapenda zaidi, ambao hawana neno na wewe mpaka ukosee sharti lao. Endaman ni wa fungu hilo. Buibui pia, kwa namna yake: usiku ni mkali, lakini penye mwanga wa mchana hakugusi mpaka umguse wewe kwanza. Fungu hili la katikati ndilo linaloifanya gemu ifanane na dunia ya kweli, kwa sababu porini wanyama wengi wako hapo. Tembo yuko hapo. Hata nyani wa pembezoni mwa msitu yuko hapo, na sharti lake ni lilelile la endaman: kumkazia macho ni kumtangazia ugomvi. Mtoto aliyefundishwa kuinamisha macho anapomwamkia mkubwa hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba jicho nalo ni tendo.

Lakini aliye mwalimu bora wa fungu la katikati ni nyuki.

Nyuki waliingia Minecraft mwishoni mwa 2019, na waliowaunda walifanya kazi yao kwa heshima. Mzinga wao hukaa kwenye mti. Asubuhi hutoka, huenda kwenye maua, hurudi na chavua mgongoni, na mimea wanayoipita juu yake hukua haraka zaidi. Ukimpiga mmoja, wote walio karibu hukugeukia. Anayekuchoma hupoteza mwiba wake, na baada ya kama dakika moja hufa. Ukitaka asali bila vita, washa moto chini ya mzinga. Moshi ukipanda, wanatulia, unavuna, unaondoka.

Nilipomwonyesha mama jambo hilo kwenye simu, aliacha alichokuwa akifanya. Kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba ya nyumbani, mizinga ya magogo ilining'inizwa mitini tangu enzi za babu zake, na wavunaji walipanda na kienge cha majani makavu kinachofuka. Hakuna aliyevuna bila moshi. Mtu fulani huko Sweden ameandika kanuni ileile kwa lugha ya kompyuta, na mtoto anayeishi kwenye ghorofa la Seoul au Chicago, ambaye hajawahi kuuona mzinga, sasa anajua kwamba nyuki hutulizwa kwa moshi. Mimi naliona hilo ni jambo kubwa. Maarifa ya mrina asali yamefika mbali kwa njia ambayo mrina mwenyewe asingeiota.

Gemu haina tembo, na kwa hiyo inakosa nusu ya pili ya habari ya nyuki. Tembo, mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, anamwogopa nyuki. Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walichapisha matokeo yao kutoka Kenya: walicheza sauti ya nyuki waliochokozwa karibu na makundi ya tembo, na tembo wengi wakaondoka, wengine kwa mbio. Kutokana na hilo ulizaliwa uzio wa mizinga. Mizinga inatundikwa kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Wakulima wa Sagalla, karibu na Tsavo, si mbali na upande wetu wa mpaka, wamelinda mahindi yao hivyo na kuuza asali juu yake. Upande wa magharibi wa Kilimanjaro, kwenye ushoroba wa Kitendeni ambako tembo hupita kati ya mlima na Amboseli, kila mkulima anajua maana ya kuamka asubuhi na kukuta shamba limekanyagwa. Swali la mama, anaogopa nini, huko ni swali la chakula cha mwaka mzima.

Sasa tuingie gizani.

Wakali wa Minecraft hawatoki pangoni kwao wala hawana kabila. Wanazaliwa mahali popote penye giza. Mwanga katika gemu una vipimo kuanzia 0 hadi 15; jua la mchana ni 15, mwenge mmoja ni 14 pale ulipo na hupungua kadiri unavyosogea mbali nao. Zamani mkali aliweza kuzaliwa penye mwanga wa 7 kushuka chini. Tangu mabadiliko ya mwishoni mwa 2021, anahitaji giza kamili, 0. Ndiyo maana kila mchezaji, kabla ya upanga, hujifunza mwenge. Anazunguka nyumba yake akichomeka mienge ukutani, njiani, shambani, na kila mwenge ni eneo ambalo adui hatazaliwa tena. Huwezi kuwamaliza zombi wa dunia nzima. Unaweza kuangaza kijiji chako.

Nawaza kwamba mtoto wa Tanzania anayechomeka mwenge wake juu ya mlima wa kwenye skrini angependa kujua kwamba usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimama kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na mwenge wa nchi mpya mkononi. Walioupeleka mwenge kule juu walikuwa na hoja ileile: mwanga huwekwa mahali pa juu ili ufike mbali.

Kati ya wazaliwa wa gizani, zombi na mifupa huungua jua likichomoza, na sina mengi ya kusema juu yao. Kripa ni habari nyingine. Hana mikono, hana silaha, hatoi sauti anapokuja. Akifika hatua chache kutoka kwako anatoa mlio wa utambi unaowaka, na baada ya sekunde moja na nusu analipuka pamoja na ukuta uliojenga kwa siku tatu. Alizaliwa kwa kosa: Persson alikuwa akiunda nguruwe, akachanganya vipimo vya urefu na kimo, na mwili ukasimama wima. Badala ya kuufuta, akaupaka kijani. Anaogopa nini? Paka. Kaya yenye paka ina usalama ambao upanga hauleti. Yupo pia kiumbe arukaye angani anayemjia yule tu aliyekaa siku tatu bila kulala, na yupo jitu la mashimoni, aliyeletwa 2022, asiye na macho kabisa, anayekusaka kwa mtikisiko wa nyayo zako. Mpwa wangu hucheza sehemu hiyo akiwa amebana pumzi, ingawa jitu hamsikii yeye.

Upande wa wapole, kuna kanuni moja ambayo wachezaji wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Katika toleo la kompyuta, gemu hutenga nafasi ya wakali 70 kumzunguka mchezaji, na nafasi 10 tu za wanyama wa kufugwa. Wakali hufutika wenyewe ukiwaacha mbali, na wengine huzaliwa mbele yako. Wapole hawafutiki. Wengi wao huwekwa pale ardhi inapoumbwa, na kuongezeka kwao kwenyewe ni kwa nadra sana. Mchezaji mgeni anafika bonde lenye ng'ombe 12, anachinja wote kwa furaha, anaoka nyama, na wiki ijayo bonde ni kimya. Mwenye hekima huacha wawili, huwazungushia uzio, huwapa ngano, nao huzaa. Ufugaji wa ndani wa Uchagga, ng'ombe na mbuzi bandani wakiletewa majani kwa kichwa kutoka tambarare, una mantiki hiyohiyo ya mahali pasipo na ardhi ya kuchezea.

Na juu ya vihamba, msituni, kuna mpole ambaye hakuna ngano itakayomrudisha. Minde ni swala mweusi wa msituni mwenye kishungi chekundu kichwani. Wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1890 kutokana na mnyama aliyepatikana hapa Kilimanjaro na Mmarekani William Louis Abbott, ambaye jina lake ndilo Wazungu humwitia. Haishi nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Tanzania, katika misitu michache ya milimani, na yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Mtego wa waya unaotegwa kwa ajili ya paa wa kawaida haumbagui. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa kushuka hadi kuumeza msitu, ambao hapo awali ulikuwa hifadhi ya misitu tu, na kwa minde hiyo ndiyo habari njema kuliko zote za karne hii.

Mbuzi nao nisiwasahau, kwa kuwa ni wa milimani kama sisi. Waliingia Minecraft 2021. Huruka juu kuliko kiumbe mwingine yeyote wa shambani, hukamuliwa, na ukisimama tuli mbele yao kwa muda mrefu hukupiga kichwa bila kosa lolote. Akigonga jiwe badala yako, pembe hudondoka. Kati ya kila mbuzi 50, kwa wastani, mmoja hulia kwa kupiga mayowe kama mtu. Bibi wa kijana huyu alisema anamfahamu mbuzi huyo.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma.

Ardhi ya Minecraft imegawanywa kwa hali ya hewa, na kila sehemu, ambayo vijana huiita bayomu, ina wenyeji wake: jangwa, kinamasi, msitu wa baridi, vilele vya theluji. Aliyewahi kupanda kutoka Moshi mjini hadi Kibo anaujua mpangilio huo kwa miguu yake. Asubuhi uko kwenye migomba na kahawa, kisha msitu ambamo mbega wenye mikia mieupe huruka juu yako, kisha vichaka na nyasi za Shira ambako pofu hupanda kula, kisha jangwa la mawe, kisha barafu. Ni bayomu tano katika siku chache, mlima mmoja. Na chini yake ni mbuga, ambayo gemu pia inayo: migunga, nyasi ndefu za rangi ya majani makavu, upeo mpana.

Mbuga hiyo ya kwenye gemu, kwa miaka mingi, ilikuwa na ng'ombe, kondoo, farasi na lama. Lama ni mnyama wa Peru. Hakukuwa na twiga, pundamilia, wala simba.

Mwaka 2018 Mojang waliwaomba wachezaji wapige kura ni sehemu gani ya ardhi iboreshwe kwanza. Msitu wa baridi ungepata mbweha na matunda pori. Jangwa lingepata mitende na nguchiro. Mbuga ingepata mibuyu, mchwa na vichuguu vyao, na mbuni. Msitu wa baridi ukashinda. (Pamoja nao ukaja moto wa kambini, uleule unaotuliza nyuki.) Mbuni hajaingia hadi leo. Mwaka 2023, kwenye kura nyingine, akashinda kakakuona wa Amerika, ambaye akaja kuwekwa kwenye mbuga. Mwaka uliofuata kura hizo zikasimamishwa kabisa.

Silalamikii waliopiga kura. Kila mtu huchagua anachokijua. Nasikitika kwamba mtoto wa Same, anayekwenda shule akipita chini ya mbuyu na kando ya kichuguu kinachomzidi kimo, anafungua mbuga kwenye simu na kukutana na lama.

Faraja moja ilikuja 2024. Mbwa mwitu wa gemu, ambao kwa asili ni wa nchi za baridi, walipewa aina mpya kulingana na mahali, na wale wa nyanda za juu za mbuga wakapewa madoadoa yanayofanana na ya mbwa mwitu wa Afrika. Kiswahili kilikuwa kimejiandaa: kwetu neno mbwa mwitu hutumika kwa wote wawili. Wa kweli wako Mkomazi, ambako kwa miaka mingi walizalishwa na kurudishwa porini. Na wamewahi kuonekana mahali ambapo gemu yenyewe isingethubutu kuwaweka: mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger, akipanda Kibo, aliwaona watano juu kabisa, kwenye barafu. Miaka 36 kabla yake, mwaka 1926, mchungaji Richard Reusch alikuta huko juu mzoga wa chui ulioganda, ambao Ernest Hemingway aliutumia kufungulia hadithi yake ya 1936. Wanyama wetu hawasomi mipaka ya bayomu.

Hakuna haja ya kusubiri kura ya Sweden. Toleo la simu la Minecraft linaruhusu mtu yeyote kuongeza kiumbe wake. Kiumbe huyo ni mafaili machache ya maandishi na picha ya ngozi yake. Nilipoyafungua kwa mara ya kwanza nilishangaa, maana mistari iliyomo ni ya mama yangu: sehemu moja inaeleza chakula kinachomvuta, nyingine inaeleza anamkimbia nani, nyingine inaeleza ni lini anakasirika na kwa nani. Kijana wa sekondari mwenye kompyuta ya shule na Jumamosi mbili tatu anaweza kuyajaza.

Mpwa wangu alimpa bibi yake nafasi ya kuchagua wa kwanza. Bibi hakuchagua tembo wala simba. Alichagua perere, yule mnyama mdogo wa mitini anayekaa msitu wa juu yetu, ambaye mchana humwoni na usiku kelele zake humfanya mgeni adhani mtu ananyongwa. Anakula majani. Anaogopa chui, tai na mtego. Ukimgusa anang'ata. Msomaji mwenye watoto nyumbani, kaa nao jioni moja, uwaulize wa kwao atakuwa nani.